Nitapoteza imani au nitapoteza elimu? Kuhusu kusoma baiolojia katika chuo kikuu cha kanisa

SWALI

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 20. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya CBG, nikapata C ya Baiolojia, C ya Jiografia na D ya Kemia. Nimechaguliwa na chuo kikuu kimoja cha kanisa kusoma Shahada ya Sayansi na Elimu, masomo ya kufundishia yakiwa Baiolojia na Kemia. Nyumbani tumegawanyika. Baba mdogo, ambaye ni mwinjilisti, anasema baiolojia ya chuo kikuu tangu mwanzo hadi mwisho ni habari ya kwamba tumetokana na nyani, na hata chuo cha kanisa hakitaniokoa. Rafiki yangu anayesoma chuo cha serikali ananicheka, anasema huko nitafundishwa Mwanzo sura ya kwanza badala ya jenetiki, na cheti changu hakitathaminiwa kazini. Ndoto yangu tangu utotoni ni udaktari, na nimesoma mtandaoni kwamba shahada ya baiolojia ndiyo njia ya kufika huko. Tangu majina yatoke silali vizuri. Je, nitapoteza imani au nitapoteza elimu?"

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo hayo. Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi, kwanza katika chuo cha umma na baadaye katika chuo cha kanisa, na swali lako nimelisikia mara nyingi kwa sauti ya chini, mlangoni mwa ofisi, baada ya wenzake muulizaji kuondoka. Wewe umeliuliza waziwazi, kwa hiyo nami nitakujibu waziwazi. Ila naona ndani ya barua yako kuna hofu ya baba yako mdogo, kejeli ya rafiki yako na ndoto yako mwenyewe, na vitu hivyo vitatu vimefungwa kamba moja. Nitavifungua, kwa sababu kila kimoja kina jibu lake, na jibu la kimoja halikusaidii kwa kingine.

Nianze na cheti, maana hapo jibu ni fupi. Hapa kwetu chuo kikuu hakipati uhalali wake kutoka kwa mmiliki wake, awe Serikali, dayosisi au shirika la watawa. Kinaupata kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa mwaka 2005, na tume hiyo hutoa ithibati kwa chuo chenyewe na pia kwa kila programu inayofundishwa. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hupimwa kwa uzito uleule wa krediti 360, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, iwe unasoma Dar es Salaam kwenye chuo cha umma au Moshi kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge, ambacho tangu kilipokuwa bado chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino kimejulikana hasa kwa kuandaa walimu. Mitihani hupitiwa na watahini wa nje, yaani wahadhiri wa vyuo vingine wanaokuja kusoma maswali na majibu na kuuliza kwa nini mada fulani haikutahiniwa. Sharti la chini la kudahiliwa nalo ni moja kwa wote: masomo mawili yanayohusika na programu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. C yako ya Baiolojia ni pointi 3 na D ya Kemia ni 2, kwa hiyo hukuingia kwa kuonewa huruma. Bodi ya Mikopo nayo hukopesha wanafunzi wa vyuo binafsi vyenye ithibati kama inavyokopesha wa vyuo vya umma. Jambo unalopaswa kuhakikisha ni moja tu: kwamba jina la programu yako, neno kwa neno, limo katika kitabu cha mwongozo wa udahili cha tume kwa mwaka huu. Kama limo, kejeli ya rafiki yako kuhusu cheti haina mguu wa kusimamia.

Upande wa pili wa kejeli yake, ule wa Mwanzo sura ya kwanza, unahitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna chembe ya ukweli iliyovikwa uongo mwingi.

Kwanza, "chuo cha Kikristo" si kitu kimoja. Kanisa Katoliki halina ugomvi rasmi na nadharia ya mageuko (evolution), yaani maelezo ya jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi. Papa Pius wa 12 aliruhusu mwaka 1950 kwamba asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe kwa njia hiyo, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko sasa ni zaidi ya nadharia tete, yaani zaidi ya dhana inayosubiri kupimwa. Waadventista wa Sabato, kwa upande mwingine, wameandika katika maungamo yao rasmi kwamba uumbaji ulifanyika kwa siku sita halisi, na wao ndio wenye Chuo Kikuu cha Arusha kilichoko Usa River na kile cha Baraton kule Nandi, ambacho mwaka 1991 kilikuwa chuo binafsi cha kwanza kupewa hati nchini Kenya na ambacho kina idara ya baiolojia ya siku nyingi. Walutheri wa Makumira na Waanglikana wa Dodoma wana watu wa mitazamo yote miwili ndani ya kanisa moja, wakati mwingine ndani ya ofisi moja. Kwa hiyo, mtu akikuambia "vyuo vya kanisa hufundisha hivi," mwulize kwanza anazungumzia kanisa lipi.

Pili, pamoja na tofauti zote hizo, mtaala wa baiolojia hautungwi na sinodi. Utasoma seli, jenetiki, biokemia, mikrobiolojia, fiziolojia ya mimea na ya wanyama, ekolojia na takwimu, na mageuko yatakuwamo. Wewe mwenyewe ulikwisha kuyasoma mageuko kidato cha nne, ukayajibu katika mtihani wa taifa, na imani yako ikatoka salama. Tofauti kati ya chuo na chuo iko kwa mhadhiri: yupo anayeifundisha mada hiyo kwa ukamilifu, yupo anayeifundisha na kisha kutenga kipindi cha kujadili imani, na yupo anayeipita mbiombio katika juma la mwisho kabla ya mitihani, macho yakiwa chini, kana kwamba anapita mbele ya kilabu cha pombe. Huyo wa tatu ndiye ninayemwogopa. Na nikiri kwamba nimewahi kumkuta katika chuo cha umma pia.

Mbali na mtaala wa sayansi, kuna masomo ya lazima ya dini au maadili, ambayo huwa machache, na kuna taratibu za ibada na mavazi ambazo baadhi ya vyuo huzisimamia kwa ukali kuliko vingine. Vyuo hivi hupokea wanafunzi wa madhehebu mengine na Waislamu pia. Ila kanuni za nidhamu zisome kabla ya kulipa ada, si baada yake.

Sasa nije kwa baba yako mdogo, na ninamjia kwa heshima, kwa sababu hofu yake ni ya mtu anayekupenda. Hata hivyo kitu anachokipinga sicho kinachofundishwa. Hakuna mhadhiri wa baiolojia anayefundisha kwamba binadamu ametokana na nyani unaowaona wakiiba mahindi shambani, wala na sokwe wa Gombe. Kinachofundishwa ni kwamba binadamu na sokwe wana babu wa pamoja, aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita na ambaye hakuwa binadamu wala sokwe. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, lakini hakuna anayesema wewe umezaliwa na binamu yako.

Kuna pia tatizo la neno. Katika Kiswahili chetu cha shuleni, "nadharia" ni ile karatasi isiyo ya vitendo, na mitaani ni maneno matupu ya mtu asiyejua kazi. Kwa hiyo tukisikia "nadharia ya mageuko" tunaelewa "dhana ya watu fulani ambayo haijathibitishwa." Katika sayansi, dhana inayosubiri kupimwa huitwa nadharia tete, na jina la nadharia hupewa maelezo yaliyokwisha kupimwa kwa njia nyingi yakasimama. Kwamba viumbe vyote vimeundwa kwa seli ni nadharia. Kwamba kipindupindu husababishwa na bakteria ni sehemu ya nadharia pia, na hakuna mwinjilisti anayekunywa maji ya mtaroni eti kwa sababu hiyo ni nadharia tu.

Na maelezo yenyewe ni yapi? Nitakupa mfano wa nyumbani, kwa sababu naona vijana wetu wengi wanawajua ndege wa visiwa vya Galapagos, wanaotajwa vitabuni kama mfano wa mageuko, ambao hawatawaona maisha yao yote, ilhali hawajui kinachotokea katika damu za jirani zao.

Unajua ugonjwa wa seli mundu. Herufi moja tu katika maelekezo ya DNA ya kutengeneza hemoglobini imebadilika, na mtoto anayerithi mabadiliko hayo kutoka kwa baba na kwa mama pia hupata chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu, maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Zamani wengi wa watoto hao walikufa wadogo. Mtu mwenye akili angetazamia jeni hilo lipungue kizazi hadi kizazi hata litoweke, kwa sababu wenye ugonjwa hawakufikia umri wa kuzaa. Halikutoweka. Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Afrika Mashariki na akaona kwamba jeni hilo limejaa kwenye maeneo ya malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria na pwani, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtu aliyerithi jeni hilo kwa mzazi mmoja tu haumwi seli mundu, na malaria kali humwathiri kwa nadra zaidi kuliko mtu asiye nalo kabisa. Kwa hiyo mahali penye mbu, jeni hilo linaua watoto wachache na kuokoa wengi, na hesabu hizo mbili zinalifanya libaki. Mahali pasipo na mbu linaua tu, kwa hiyo linapungua.

Hapo, mwanangu, umeuona uteuzi asilia mzima mzima. Watu wanatofautiana, tofauti hizo zinarithiwa, baadhi yao, kwa sababu ya tofauti hizo na ya mahali wanapoishi, wanaacha watoto wengi kuliko wengine, na baada ya vizazi vingi jamii nzima inakuwa na sura nyingine ya jeni. Hakuna anayekusudia, hakuna anayejitahidi kubadilika.

Hilo la mwisho nalikazia kwa sababu lugha yetu inatudanganya. Tunasema "malaria imezoea dawa." Klorokwini ilipoanza kushindwa, hadi Tanzania Bara ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001 na kuingiza SP (mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini), ambayo nayo baada ya miaka michache iliiachia nafasi dawa mseto, hakuna kimelea hata kimoja kilichoizoea. Vile vilivyodhurika vilikufa. Vichache vilivyokuwa na badiliko la kurithi lililovikinga vilibaki, vikazaliana bila washindani, na mbu akavisambaza. Muuguzi anayekuambia umalize dozi yako, hata kama hajawahi kulitamka neno mageuko, anatumia hoja ya idadi na ya kurithi ambayo imo katika somo hilo baba yako mdogo analolihofia. Mkulima wa pamba anayelalamika kwamba sumu ya mwaka juzi haiui tena wadudu anakutana na jambo lilelile shambani kwake.

Haya yote ni mabadiliko ndani ya spishi, yaani ndani ya aina moja ya kiumbe, na baba yako mdogo akikusikiliza hadi hapa huenda akasema, "Hayo nayakubali, lakini spishi mpya sizikubali." Hapo mjadala unakuwa mzuri, na unaweza kumpeleka ziwani. Samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu wana spishi zinazokadiriwa kufikia 500 ndani ya Ziwa Victoria, na ushahidi wa matope ya chini ya ziwa unaonyesha kwamba ziwa hilo lilikuwa limekauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Sangara alipopandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita na kuongezeka sana miaka ya 1980, mamia ya spishi hizo ziliathirika au kutoweka, na watafiti waliokuwa wanazihesabu walijikuta wanaandika tanzia. Wataalamu bado wanabishana kuhusu namna spishi nyingi hivyo zilivyopatikana kwa haraka hivyo, na ubishi huo ni wa kisayansi hasa. Ni ubishi wa namna gani, wala si wa kama ilitokea.

Kisha kuna Olduvai, na kuna Laetoli, ambako nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zimehifadhiwa katika majivu ya volkano ya zaidi ya miaka milioni 3.6. Louis Leakey, ambaye yeye na mkewe Mary walitumia maisha yao Olduvai, alizaliwa Kabete, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana.

Je, kuyajua haya kutaipokonya imani yako? Siwezi kukuahidi chochote kuhusu moyo wako, maana si fani yangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba baba wa jenetiki, Gregor Mendel, alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, akapanda njegere zake katika bustani ya monasteri kule Brno, katika Jamhuri ya Czech ya leo, na kuchapisha matokeo mwaka 1866. Theodosius Dobzhansky, aliyeandika mwaka 1973 kwamba hakuna kitu katika baiolojia kinachoeleweka isipokuwa katika mwanga wa mageuko, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi na katika makala hiyohiyo alijieleza kuwa anamwamini Muumba. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jinomu ya binadamu, yaani maelekezo yake yote ya DNA, ni mlokole kwa maana tunayoijua sisi. Wapo pia waliosoma baiolojia wakaacha dini, na singekuwa mkweli nikikuficha hilo. Lakini wale niliowaona mimi wakiyumba hawakuyumbishwa na jeni. Waliyumbishwa na kugundua kwamba mtu waliyemwamini aliwaambia jambo lisilo kweli kuhusu sayansi, wakaanza kujiuliza ni mangapi mengine aliwaambia vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo namwomba baba yako mdogo, kupitia kwako, asikupe "tumetokana na nyani" kama silaha ya kwendea nayo chuoni, kwa sababu itavunjika juma la kwanza.

Hatari ninayoiona mimi ni nyingine, nayo haimo kwenye barua yako. Ni hatari ya kuwa na madaftari mawili kichwani. Katika daftari moja mwanafunzi anaandika majibu ya mtihani, katika la pili majibu ya Jumapili, na anajizoeza kwa miaka mitatu kutoyafungua yote mawili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kujibu swali la uteuzi asilia vizuri kuliko darasa zima, kisha akaandika chini kabisa kwa kalamu ya risasi: "Lakini mimi siamini." Nilimpa alama zote, kwa sababu mtihani ulipima uelewa na yeye alikuwa ameelewa. Kilichonisikitisha ni ile kalamu ya risasi. Ningependa angeandika kwa wino, akaja ofisini tukabishana. Mwalimu wa baiolojia mwenye madaftari mawili, na wewe unakwenda kuwa mwalimu, huwafundisha watoto mada hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la wizara, na watoto husikia.

Kwa hiyo, katika kupima chuo chako, ningeuliza kwanza kama maswali ya namna hiyo yanaweza kuulizwa darasani kwa sauti. Hapo chuo kizuri cha kanisa kinaweza hata kukishinda cha umma, kwa sababu kina watu wa theolojia na watu wa sayansi wanaokula meza moja, na kwa sababu madarasa huwa madogo kiasi kwamba mhadhiri anakujua kwa jina. Katika ukumbi wenye wanafunzi mia kadhaa, wengine wakisikilizia dirishani, swali lako la imani halina pa kukaa.

Lakini udogo una gharama zake, na hili rafiki yako angeweza kulisema kwa haki kama asingekuwa na haraka ya kucheka. Idara ndogo ina wahadhiri wachache, na unaweza kumkuta mtu mmoja akifundisha jenetiki asubuhi na ekolojia mchana ilhali fani yake ni samaki. Pasipo wanafunzi wengi wa shahada za juu, hakuna utafiti mwingi unaoendelea ambao ungejifunza kwa kuutazama. Na maabara ndiyo inayoumia kwanza fedha zikipungua, kwa kuwa maabara hula: kemikali huisha muda wake, lenzi za hadubini huota ukungu, friji ya sampuli humtegemea mtu wa umeme. Nimeona darasa likijifunza namna ya kutenganisha vipande vya DNA kwa picha ya ukutani. Baiolojia iliyosomwa namna hiyo inakuwa somo la historia ya kazi za watu wengine. Elimu yako itapotea huko kwenye maabara, kama itapotea, wala si kwenye kanisa la chuo.

Sasa udaktari. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa upendo. Uliyoyasoma mtandaoni ni ya Marekani, ambako mtu husoma kwanza shahada nyingine, mara nyingi baiolojia, ndipo aombe chuo cha udaktari. Kwetu udaktari ni shahada ya kwanza, husomwa miaka mitano na kufuatiwa na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na mlango wake mkuu kutoka kidato cha sita unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wewe ulisoma CBG, huna Fizikia. Ukiingia programu ya ualimu ukiwa na wazo kwamba ni ngazi ya kwenda kwenye udaktari, utaisoma miaka mitatu macho yako yakiwa kwingine, na mwishoni utakuwa na shahada uliyoidharau. Vilevile shahada ya baiolojia haikufanyi mteknolojia wa maabara ya hospitali. Hao wana mafunzo yao na baraza lao la usajili. Kama moyo wako uko kwenye afya na hautaki kutoka huko, basi zungumza na vyuo vya afya kuhusu kurudia mtihani ukiwa na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kuhusu stashahada, kabla hujathibitisha nafasi uliyopata. Ni njia ndefu yenye gharama, lakini ni ya kweli.

Kama, baada ya kulia kidogo, unaona kwamba unachokipenda ni viumbe wenyewe zaidi ya koti jeupe, basi nafasi uliyopata si ya kubeza. Walimu wa sayansi bado ni haba mashuleni na wamekuwa wakipewa kipaumbele katika ajira za Serikali, ingawa kipaumbele si hakikisho, na utawakuta wahitimu wa miaka ya nyuma kwenye foleni hiyohiyo. Kwa shahada ya uzamili mtu huweza kusogea kwenye utafiti, kama katika taasisi za wanyamapori, za uvuvi au za kilimo, ila huko huulizwi chuo chako kinamilikiwa na nani. Unaulizwa unaweza kufanya nini kwa mikono yako na kwa takwimu. Tena nakuomba hesabu usizikimbie. Wanafunzi wengi huja kwenye baiolojia kwa kuzikimbia, na takwimu huwapokea mlangoni mwaka wa pili.

Kuhusu kutolala: wiki chache za mawazo wakati wa kuchagua chuo ni jambo la kawaida. Kama hali hii inazidi majuma mawili mfululizo, kama huli, au kama unajiona huna thamani, nenda kituo cha afya ukaeleze, na ukifika chuoni mtafute mshauri wa wanafunzi katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Kwa mambo ya imani, barua yangu haitoshi. Mtafute mchungaji au padre aliyesoma, ikiwezekana yule wa chuo chenyewe, ukae naye ana kwa ana. Na baba yako mdogo usimkwepe. Mwombe asome nawe mada moja, hiyo ya seli mundu, maana huenda hata katika ukoo wenu yupo anayehusika nayo.

Kwa tarehe za kuthibitisha udahili, ikiwa umechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, usisubiri siku ya mwisho, mtandao huelemewa. Kabla ya hapo, kama nauli inapatikana, panda basi ukakitembelee chuo siku ya kazi, si Jumapili wala siku ya mahafali. Mtafute mkuu wa idara ya baiolojia na umwulize mwanafunzi wa mwaka wa pili hukaa saa ngapi kwa wiki maabara, hadubini moja hutumiwa na wangapi, na nani atafundisha mageuko. Kisha mwombe akuonyeshe maabara yenyewe. Akiinuka akachukua funguo, mfuate. Akikupa kipeperushi, kichukue, mshukuru, kisha katafute wanafunzi wa mwaka wa tatu pale kantini na uwaulize maswali yaleyale.